Faktire ya baridi kule Marekani: namna feza inapotelea ndani ya tiyo za hewa

Kila mwaka, kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, simu za familia hapa Uvira zinabadilika. Ndugu aliye Marekani, ambaye alizoea kutuma kitu kidogo kwa minervali ya watoto ama dawa ya mama, anaanza kusema hana. Na sisi huku tunanung'unika: amekuwa muzungu, ametusahau.

Yaya wangu anakaa Kentucky na watoto wake tangu walipotoka kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania. Siku moja ya baridi alinitumia odio kwenye WhatsApp: « Mudogo wangu, usinikasirikie. Mwezi hii nyumba imekula feza yote. Umeme peke yake ni dola mia tatu na kitu, na watoto bado wanalala na makoti. »

Neno lile la mwisho ndilo lilinishangaza. Kulipa feza nyingi ili kupata joto, naelewa. Lakini kulipa na bado kusikia baridi? Joto lenyewe linaenda wapi? Nilitafuta jibu, na jibu liko mahali ambapo watu wengi hawaangalii: juu ya plafoni ama chini ya sakafu, ndani ya tiyo za hewa zinazovuja bila mtu kuona.

Habari hii inatugusa. Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16 000 kutoka Congo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Wengi wao ni watu wa Uvira, Fizi na milima yetu. Leo wako Louisville, Lexington, Abilene, Houston, Phoenix na miji mingine. Hakuna mtu aliyewafundisha nyumba ya kule inapumua namna gani.

Nyumba ya kule inapumua namna gani

Hapa kwetu, mwenye uwezo anaweka kiyoyozi, ama klima kama tunavyosema, kwenye ukuta wa chumba kimoja. Chumba kile kinapoa, vingine vinabaki na joto lao. Kule mambo ni tofauti. Nyumba nyingi ziko na mashine moja tu, ambayo inapasha joto nyumba nzima wakati wa baridi, na mara nyingi ndiyo inaipoza wakati wa joto. Mashine inakaa garajini, kwenye chumba kidogo kama kabati, chini ya nyumba ama juu ya plafoni.

Kutoka kwenye mashine ile, tiyo kubwa zinaelekea kila chumba. Zingine ni za bati. Zingine ni laini, zinakunjika kama mkonga wa tembo: ndani kuna plastiki na waya uliozungushwa, nje kuna pamba ya kioo ya kuzuia joto lisitoke. Kila tiyo inaishia kwenye tundu lenye chuma cha mistari, sakafuni, ukutani ama kwenye plafoni. Hapo ndipo hewa ya joto inaingia chumbani. Kuna pia tundu kubwa la kurudisha hewa. Mashine inavuta hewa ya nyumba kupitia pale, inaichuja vumbi, inaipasha joto tena na kuirudisha vyumbani. Ni mzunguko, kama damu na moyo.

Kila mzunguko uko na pande mbili: upande unaosukuma na upande unaovuta. Kila upande unavuja kwa namna yake, na kila namna iko na shida yake.

Bidoni iliyotoboka

Fikiria mtoto amechota maji kwenye robine. Bidoni yake ni ya litre 20, lakini iko na tundu chini. Akifika nyumbani Kasenga, zimebaki litre 15. Feza aliyolipa robine ni ya litre 20. Mama anamwambia arudi tena. Hakuna mtu aliyeiba maji, yamebaki njiani.

Tiyo za hewa ziko vile. ENERGY STAR, mpango wa serkali ya Marekani juu ya matumizi ya nishati, unaeleza kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita ndani ya tiyo inapotea sababu ya matundu, viungo vibaya na tiyo zilizoachana. Robo ya bidoni, kwa maneno mengine.

Kama tiyo inapita ndani ya nyumba yenyewe, hasara ni ndogo, sababu joto linabaki ndani hata kama limekosea chumba. Shida kubwa ni tiyo inayopita juu ya plafoni, garajini ama chini ya sakafu, ambako ni baridi kama nje. Pale unapasha joto panya na mbao. Upande unaovuta ukiwa na tundu sehemu hizo, mashine inanyonya hewa ya baridi, vumbi, unyevu na harufu ya udongo, kisha inavigawa kwenye vyumba ambamo watoto wanalala. Mtu anadhani ni kikohozi cha baridi tu, kumbe hata vumbi la chini ya nyumba liko ndani.

Kuna jambo lingine linaloongeza faktire. Nyumba nyingi za kusini mwa Marekani zinatumia pampu ya joto ya umeme. Ni mashine nzuri, haili sana. Lakini nyumba ikikataa kupata joto, chuma cha umeme cha msaada kinawaka ndani ya mashine, kama resho kubwa sana. Hicho ndicho kinakula. Kwa hiyo tundu la tiyo linapoteza joto, na tena linaamsha resho ile mara kwa mara.

Wengine, wakiona faktire, wanafunga matundu ya vyumba visivyotumika. Wanafikiri wanapunguza matumizi. Mara nyingi inakuwa kinyume: hewa ikikosa njia, presha inapanda ndani ya tiyo, na hewa inasukumwa kwa nguvu zaidi kwenye nyufa zilizopo. Afadhali kuacha matundu wazi na kuyatolea kabati na magodoro yaliyoyaziba.

Dalili zake

Mtu asiye fundi anaweza kutambua mambo haya:

Chumba kimoja kinabaki baridi hata kama vingine viko sawa, hasa kile cha mbali na mashine. Hewa inayotoka kwenye tundu la chumba kile ni dhaifu. Vumbi linarudi upesi hata baada ya kupangusa. Mashine inanguruma karibu bila kupumzika. Faktire ni kubwa kupita ya jirani mwenye nyumba ya ukubwa sawa na watu sawa.

Kama unaweza kufikia tiyo zenyewe, washa feni ya mashine, kisha pitisha mkono karibu na kila kiungo. Utasikia upepo. Ama washa ubani: moshi ukisukumwa ama ukinyonywa, pale kuna tundu. Usiweke moto karibu na pamba wala karatasi. Angalia pia pamba iliyozunguka tiyo: michirizi myeusi mara nyingi inaonyesha mahali hewa ilipita siku nyingi ikiacha vumbi.

Kwa wanaokaa katika nyumba ndefu za bati zinazoletwa na gari, kuna mahali pa kuangalia kwanza. Nyumba hizo mara nyingi zinaunganishwa nusu mbili, na tiyo moja kubwa inapita chini kupeleka hewa upande wa pili. Ikianguka ama ikitobolewa na wanyama, nusu ya nyumba inakosa joto kabisa.

Kwa yaya ilikuwa karibu hivyo. Fundi alipoingia chini ya sakafu, alikuta tiyo ya chumba cha watoto imechomoka na kulala juu ya udongo. Watoto walilala na makoti, na udongo ulipata joto la dola.

Kabla ya kuziba: sumu isiyonuka

Hapa naomba msomaji asiruke. Sisi watu wa milima tunajua habari ya babula. Usiku wa baridi, kule Minembwe ama Itombwe, mtu anaingiza babula ya makala chumbani, anafunga mlango, na asubuhi hawaamki. Kinachoua ni gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaanza kwa kuumiza kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi.

Gesi hiyo hiyo inatoka kwenye mashine za kule zinazochoma gesi ama mafuta, kama mashine ya joto na tanki ya maji ya moto. Kwa kawaida inapanda na kutoka kwa bomba la moshi. Lakini tundu la tiyo upande unaovuta, likiwa karibu na mashine hizo, linaweza kunyonya moshi na kuurudisha ndani ya nyumba. Hata kuziba upande mmoja na kuacha mwingine kunaweza kubadilisha presha na kuleta shida ile ile. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inasema watu zaidi ya 400 wanakufa nchini humo kila mwaka kwa gesi hii bila kukusudia, mbali na wale wa ajali za moto.

Kwa hiyo nyumba inayotumia gesi ama mafuta iwe na kengele ya monoksidi ya kaboni karibu na vyumba vya kulala, na betri nzima. Baada ya kazi ya kuziba, fundi apime kama moshi unatoka vizuri. Kengele ikilia, toeni watu wote nje, kisha piga 911. Na hata umeme ukikatika siku ya theluji, usiingize babula ndani, wala jenereta. Babula inaua kule kama huku.

Hatari ya pili iko katika nyumba za zamani, hasa zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980. Ukikuta tiyo imefungwa na kitu cheupe kama karatasi ngumu ama plasta inayomomonyoka, kinaweza kuwa asbesto. Usikiguse, usikikwangue. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaleta kansa. Hiyo ni kazi ya watu waliosomea.

Mastiki, si skochi ya kijivu

Kule kuna skochi ya kijivu ya kitambaa ambayo jina lake la Kiingereza linataja tiyo hizi. Mtu anaona jina, ananunua, anazungusha, anafurahi. Lakini gundi ya skochi ile haivumilii joto na vumbi. Inakauka, inapasuka, inaanguka. Mwaka 1998, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliijaribu kwenye viungo vya tiyo, wakathibitisha kwamba ndiyo iliyoshindwa upesi zaidi. Ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini siyo kwa tiyo za hewa.

Kinachofaa ni mastiki. Siyo ile ngumu ya mafundi wetu wa vioo vya madirisha. Hii iko kama uji mzito, inapakwa kwa burashi, na ikikauka inabaki na ulaini kidogo, hivyo haipasuki tiyo ikipanuka na kujikunja. Kuna pia skochi ya karatasi ya aluminiamu. Kwa zote mbili, angalia kwenye kopo ama kwenye karata kama kumeandikwa UL 181. Hiyo ndiyo alama kwamba zimepimwa kwa kazi hii.

Kazi inakwenda hivi. Zima mashine. Vaa glavu, miwani na maski, sababu pamba ya kioo inawasha. Juu ya plafoni kanyaga mbao tu, ukikanyaga katikati utaanguka chumbani na plafoni yako. Usiende kule mchana wa joto kali.

Anza karibu na mashine, sababu pale presha ni kubwa na tundu dogo linapoteza hewa nyingi. Kisha fuata viungo kimoja kimoja mpaka vyumbani. Tiyo ya bati iliyolegea, ifunge kwanza kwa skurubu. Tiyo laini iliyochomoka, irudishe na uikaze kwa mkanda wake. Mastiki inaziba tu, haishiki uzito.

Pangusa vumbi na mafuta. Paka mastiki pande zote za kiungo, unene kama wa sarafu. Ufa ukiwa mpana zaidi ya milimita 6 hivi, weka kwanza wavu wa nyuzi za kioo, halafu paka juu yake. Usisahau pale tiyo inapokutana na sakafu ama plafoni ya chumba, nafasi ile mara nyingi iko wazi kabisa. Lakini mlango wa chujio na vifuniko vya mashine usivipake mastiki, sababu fundi atahitaji kuvifungua. Pale tumia skochi ya aluminiamu. Acha ikauke kama kopo inavyoelekeza, mara nyingi siku nzima.

Mwisho, tiyo zinazopita mahali pa baridi zivalishwe pamba ya kuzuia joto. Kwenye lebo tafuta R-6 ama R-8. Namba ikiwa kubwa, joto linatoka polepole zaidi. Lakini ziba kwanza, valisha baadaye. Koti juu ya tiyo iliyotoboka halizuii upepo.

Na tiyo zilizofichwa ndani ya kuta? Kuna njia inayoitwa Aeroseal, iliyotokana na kazi ya Mark Modera kwenye maabara hiyo hiyo ya Lawrence Berkeley, miaka ya 1990. Mafundi wanafunga matundu ya vyumba, kisha wanapuliza ndani ya tiyo chembe ndogo za gundi. Chembe zinafuata hewa mpaka kwenye nyufa na kukwama pale. Inaziba vitundu vidogo, siyo tiyo iliyoachana, na bei yake siyo ya kila mtu.

Kama nyumba siyo yako

Wengi wa ndugu zetu wanapangisha. Tiyo ni za mwenye nyumba, lakini faktire ni ya mpangaji. Ndiyo sababu wenye nyumba wengine hawana haraka.

Mpangaji asianze kupaka mastiki bila ruhusa. Apige picha, aandike barua ama ujumbe wenye tarehe, aeleze chumba gani hakina joto, na ajiwekee kopi. Maneno ya mdomo yanapotea. Abadilishe pia chujio kama mkataba unamwachia kazi hiyo, sababu chujio kilichojaa kinachosha mashine na kinazuia hewa.

Kuna pia msaada ambao wengi hawaujui. Tangu mwaka 1976, serkali ya Marekani iko na mpango unaoitwa Weatherization Assistance Program. Unatengeneza nyumba za watu wa kipato kidogo ili zisipoteze joto, bila kuwalipisha. Mafundi wanapima nyumba kwa mashine, wanaziba tiyo na nyufa, wanaweka pamba na kupima gesi ya sumu. Kipato kisizidi mara mbili ya kipimo cha umaskini cha serkali. Wazee, walemavu na familia zenye watoto wanatangulizwa. Mpangaji naye anaweza kuomba, mradi mwenye nyumba atoe ruhusa ya maandishi, na kanuni zinamkataza mwenye nyumba kupandisha kodi sababu tu ya kazi ile.

Mpango mwingine ni LIHEAP, wa tangu 1981. Huo unasaidia kulipa faktire yenyewe, hasa kama mtu anatishiwa kukatiwa. Kila jimbo linaupanga kwa namna yake, feza inategemea bajeti, na kanuni juu ya wageni zinabadilika, kwa hiyo ni lazima kuuliza mahali unapokaa, mapema, kabla ya baridi. Namba ya simu ni 211. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Angalia pia watu wanaogonga mlango wakiahidi kupunguza faktire papo hapo. Usitie sahihi siku ile ile. Fundi wa kweli anapima kabla ya kazi, anapima baada ya kazi, na anakuonyesha namba zote mbili.

Na sisi huku?

Yaya alimwandikia mwenye nyumba mara mbili. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili aliweka picha, fundi akaja. Tiyo ikarudishwa, viungo vikapakwa mastiki. Siwezi kuwaambia faktire ilishuka kwa dola ngapi, sababu mwezi uliofuata baridi yenyewe ilipungua, na kulinganisha hivyo ingekuwa uongo. Ninachojua ni kwamba watoto walivua makoti ili kulala, na mashine ilianza kunyamaza usiku.

Mimi pia nilijifunza kitu. Miezi ile niliyomkasirikia, yaya alikuwa analipa bidoni nzima na kupata robo tatu. Kwa hiyo ukipigiwa simu mwezi wa kwanza na kuambiwa « sina », usikate. Muulize: chumba cha watoto kiko na joto? Umeangalia tiyo? Kengele ya sumu iko na betri? Kisha umtumie maelezo haya.